Kabla Ghala la Mabaki ya Mionzi Halijajengwa: Kukagua Hatari ya Tetemeko Unguja na Pemba

Usiku wa tarehe 12 Agosti 2020, muda mfupi baada ya saa mbili, ardhi ilitikisika pwani yetu yote. Kitovu kilikuwa baharini, kusini-mashariki ya Dar es Salaam, na ukubwa wake ulikaribia 6. Mimi nilikuwa ghorofani Michenzani, nikadhani jirani wa juu anasukuma friji. Asubuhi yake nikaisikia barazani kauli ambayo nimeshaisoma pia katika ripoti zenye muhuri: "Zanzibar haina matetemeko." Ya barazani naisamehe.

Mwongozo huu ni wa yule atakayekabidhiwa kiwanja akaambiwa, "Tuangalizie kama panafaa," au atakayeitwa mkutanoni kutoa maoni. Mfano nitakaoutumia ni wa kubuni. Tuseme kuna anayetaka kujenga, uwandani, yaani kwenye ardhi ya mawe ya matumbawe upande wa mashariki ya Unguja, ghala dogo la kuwekea vyanzo vya mionzi vilivyokwisha kazi hospitalini, viwandani na katika ujenzi wa barabara. Hivi sasa vitu vya namna hiyo nchini huhifadhiwa Arusha, chini ya Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania. Kwa hiyo usitoke hapa ukaenda kueneza kwamba ghala linakuja. Nachagua ghala la mionzi kwa sababu moja tu: linakulazimisha kufikiri miaka mingi kuliko umri wa mtu, na ukishaweza hesabu hiyo, tangi la mafuta au hospitali haitakushinda.

Hatua ya kwanza: uliza kitakachowekwa

Usifungue ramani kabla hujapewa orodha ya vitu. Mionzi hufifia, na kila aina ina mwendo wake. Wataalamu hupima kwa nusu-uhai, yaani muda ambao nguvu hupungua kwa nusu. Zikipita nusu-uhai kumi, inabaki kama sehemu moja ya elfu.

Kobalti-60, iliyokuwa ikitumika sana kwenye mashine za kutibu saratani, ina nusu-uhai wa miaka mitano na kidogo, basi nusu-uhai kumi ni kama miaka 53. Seziamu-137, utakayoikuta kwenye vipimo vya viwandani na vya barabara, ni miaka 30, ukizidisha unapata 300. Amerisiamu-241 ni miaka 432. Radiamu-226, ambayo hospitali za zamani duniani kote ziliitumia kwenye sindano ndogo za matibabu, ni miaka 1,600, na nusu-uhai zake kumi ni miaka 16,000. Miaka 16,000 iliyopita Unguja haikuwa kisiwa bado. Ungeweza kutoka hapo ulipo ukaenda Bagamoyo kwa miguu.

Mwenye mradi atakwambia ghala ni la muda tu, miaka 50, kisha vitu vitahamishwa. Andika miaka 50 hiyo kwenye daftari lako, na pembeni yake andika miaka ya kitu chenyewe. Utazihitaji zote mbili tukifika kwenye hesabu.

Hatua ya pili: chora duara nne

Miongozo ya IAEA, Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, iliyotungwa kwanza kwa ajili ya vinu vya nyuklia na kutumika kwa kiasi chake kwenye maghala, inataka uangalie ardhi kwa umbali wa aina nne: kilomita 300 kwa ujumla, kilomita 25 kwa undani, kilomita 5 kwa undani zaidi, halafu kiwanja chenyewe, kama kilomita moja ya mraba, jiwe kwa jiwe.

Chukua ramani, weka sindano ya bikari Unguja. Duara la kilomita 300 linameza Dar es Salaam, Tanga, Mombasa, Mafia, Morogoro na sehemu kubwa ya milima ya Usambara. Upande wa pili linameza bahari, na hapo ndipo wengi hufunga daftari, maana ramani zao za jiolojia zinaishia ufukweni. Tetemeko la 2020 lilitoka huko huko baharini. Chini ya bahari, kuanzia pwani ya Msumbiji kuja kaskazini, kuna mgongo wa Davie na mabonde yaliyopasuka kando yake, na wanajiolojia wanakubaliana kwamba sehemu ya Bonde la Ufa la Afrika Mashariki inanyooka huko chini ya maji. Ukikagua nchi kavu peke yake umekagua nusu ya duara.

Hapa Unguja na Pemba haziendi pamoja. Mkondo kati ya Unguja na bara ni maji mafupi, sehemu kubwa haifiki mita 50. Mkondo wa Pemba una kina cha mamia ya mita, kwa sababu ardhi yenyewe ilipasuka ikadidimia, Pemba ikabaki imesimama upande wake. Ushahidi umo hata kwenye wanyama. Unguja kulikuwa na chui, na katika pango la Kuumbi, karibu na Jambiani, wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta mifupa ya pundamilia. Wanyama hao walifika wakitembea. Pemba hakukuwa na chui. Basi ripoti inayosema "visiwa vya Zanzibar" kana kwamba ni jiwe moja, irudishe kwa mwandishi.

Kuhusu kilichomo chini kabisa, hatuanzi mikono mitupu. Katika miaka ya 1950 na 1960 watafuta mafuta walichimba visima virefu Unguja na Pemba, na miaka ya karibuni kitalu cha Pemba na Zanzibar kimepimwa tena kwa mawimbi ya sauti. Vipimo hivyo vilifanywa kwa ajili ya mafuta na gesi, lakini picha zake zinaonyesha nyufa. Omba kwa barua rasmi, omba mapema, na uwe na subira ya mvuvi.

Hatua ya tatu: tengeneza orodha ya matetemeko

Orodha za dunia zinapatikana bure kwenye mtandao: ya USGS, idara ya jiolojia ya Marekani, na ya ISC, kituo cha Uingereza kinachokusanya taarifa za vituo vya nchi mbalimbali. Hapa kwetu Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, Dodoma, ina vituo vyake. Pakua zote tatu, kisha kaa chini uzichambue. Kazi hii ina mitego ambayo mgeni haioni.

Mtego wa kwanza ni saa. Orodha hizi hutumia saa ya dunia, nyuma ya yetu kwa saa tatu. Tetemeko la 2020 limeandikwa humo 17:13. Mtu asiye mwangalifu atasema lilikuwa jioni, saa kumi na moja na robo hivi, watu wanatoka makazini. Lilikuwa usiku. Na tetemeko la saa nane za usiku kwetu litaandikwa kwa tarehe ya jana yake.

Mtego wa pili ni wetu wenyewe. Kwa wazee, siku huanza jua linapokuchwa. Tarehe 12 Agosti 2020 ilikuwa Jumatano, lakini mzee akikwambia "ilikuwa usiku wa Alhamisi", anasema kweli kabisa, na wewe ukiandika Alhamisi tarehe 13 umeshazaa tetemeko la pili ambalo halikutokea. Wengine watakupa mwezi: "Mfunguo Tatu, Idd Kubwa imeshapita." Hiyo ni taarifa nzuri kuliko unavyodhani, kalenda ya Kiislamu inabadilishwa kwa dakika moja. Kwa matukio ya zamani watu hushika Mwaka Kogwa, msimu wa karafuu, au mwaka fulani wa mvua. Yote andika kama yalivyosemwa, ndipo uyageuze pembeni.

Mtego wa tatu ni kuhesabu kitu kimoja mara mbili. Taasisi moja itaandika 5.9, nyingine 6.0, vitovu vikapishana kilomita kadhaa, na kompyuta ikaona matetemeko mawili. Vilevile toa matetemeko madogo yanayofuata kubwa, maana hayo ni mwangwi wa lile lile. Na matukio madogo madogo ya bara yanayotokea mchana tu, siku za kazi tu, mahali pale pale, usiyahesabu. Huyo ni mtu na baruti zake kwenye machimbo.

Ukishasafisha, gawanya orodha kwa miaka. Vituo vya kupima vilivyofanana duniani vilianza kuenea miaka ya 1960. Kabla ya hapo, tetemeko la ukubwa wa 4 katika bahari yetu lingeweza kupita bila mtu kuliandika. Makubwa ya mbali yanajulikana: la Kasanga, kusini mwa Ziwa Tanganyika, Desemba 1910, zaidi ya 7, la Subukia, Kenya, Januari 1928, karibu 7, la Machaze, Msumbiji, Februari 2006, 7. La Bukoba, Septemba 2016, lilikuwa 5.9 tu na liliua zaidi ya watu kumi na watano, kwa sababu lilikuwa karibu, na nyumba zenyewe zilikuwa dhaifu. Kadiri unavyorudi nyuma ndivyo orodha inavyokonda. Huo ni upungufu wa waandishi, na ardhi haina habari nao.

Niliwahi kusoma ripoti ya mradi mmoja, mkubwa tu, ambayo sura nzima ya matetemeko ilikuwa sentensi mbili: orodha imeangaliwa kwa miaka 40, hakuna tetemeko kubwa lililopatikana, hatari ni ndogo. Ukurasa uliofuata ulikuwa na picha nne za rangi za lango la kuingilia.

Hatua ya nne: uliza watu, lakini usiwafundishe jibu

Ukubwa wa tetemeko ni mmoja. Ukali wake ni kila mahali na wake. Kwa ukali kuna kipimo cha Mercalli, chenye daraja kumi na mbili, na chombo chake ni binadamu: nani alihisi, alikuwa amekaa au amelala, taa iliyoning'inia ilicheza, vikombe kabatini viligongana, ukuta ulipata ufa.

Anza kwa sheha, akupe ruhusa na mtu wa kufuatana naye. Kisha zunguka nyumba za aina mbalimbali: za udongo na miti, za matofali, za mawe na chokaa, za ghorofa. Usimuulize bibi, "Shikamoo, ulisikia tetemeko?" Atakujibu ndiyo kwa adabu tu, kwa kuwa umefunga safari kumfuata. Uliza, "Usiku ule ulikuwa wapi? Ulikuwa unafanya nini?" halafu nyamaza. Akisema alikuwa anasali na akaona kama kizunguzungu, andika hivyo hivyo. Waliokuwa baharini usiwasahau. Na waliosema hawakuhisi kitu waandike pia, kila mmoja na nyumba yake, maana ramani ya ukali bila walionyamaza inadanganya.

Nyumba hamsini katika shehia kumi zinatosha kukuonyesha jambo moja muhimu: wapi palitikisika zaidi kuliko jirani. Hilo tutalirudia kwenye udongo.

Hatua ya tano: iulize ardhi yenyewe

Hii ndiyo hatua wanayoiruka, na ndiyo ninayoipigania.

Orodha ya miaka 60 haiwezi kujibu swali la miaka 10,000. Inabidi utafute daftari lenye kurasa nyingi zaidi. Marekani walipokuwa wanachunguza Yucca Mountain, mlima wa Nevada uliopendekezwa kuzikwa mabaki ya vinu vya nyuklia, walichimba mitaro ya kukata nyufa za ardhi moja moja, wakasoma tabaka za udongo kama mtu anavyosoma vitako vya msingi wa nyumba ya kale. Katika ufa wa Solitario Canyon walikuta majivu ya volkano ya karibu, iliyolipuka kama miaka 80,000 iliyopita, yameshuka ndani ya ufa. Maana yake ni kwamba ufa ulikuwa wazi majivu yalipokuwa yakianguka. Hakuna seismomita, chombo cha kupimia mtikisiko wa ardhi, ingeweza kuwaambia hilo. Na kama mtu alidhani mlima ule umelala, tarehe 29 Juni 1992 tetemeko la 5.6 lilipiga Little Skull Mountain, kama kilomita 20 tu kutoka hapo, likaharibu jengo la mradi wenyewe.

Sisi tuna daftari zetu. La kwanza ni jiwe la matumbawe. Miamba ya pwani iliyoko juu ya maji leo iliota chini ya maji, sehemu yake kubwa wakati bahari ilipokuwa juu, kama miaka 125,000 iliyopita. Tembea ukanda wa pwani na kipimo cha usawa, uandike urefu wa kingo zake na wa ile midomo iliyoliwa na maji chini ya miamba. Kingo za umri mmoja zinapaswa kuwa kwenye usawa unaokaribiana. Zikiruka ghafla mita kadhaa kati ya sehemu mbili zilizo jirani, simama hapo hapo, kuna ufa wa kutafuta. Umri unapimwa maabara, usikisie kwa macho.

La pili ni mapango. Uwanda wa Unguja umejaa mapango, na ndani yake kuna nguzo nyembamba za mawe zilizojengwa na tone la maji kwa maelfu ya miaka. Nguzo ndefu nyembamba iliyosimama ni shahidi: mtikisiko wa kuivunja haujafika hapo tangu ilipoanza kukua. Zilizovunjika nazo zinasema, ingawa lazima uondoe kwanza sababu nyingine, mizizi, mafuriko, na watoto wenye mawe. Wataalamu wa Ulaya wametumia njia hii kuweka kikomo cha juu cha mtikisiko. Kumbuka tu kwamba mapango mengi kwetu ni ya mizimu au ni ya kuchotea maji. Omba ruhusa, vua viatu ukiambiwa, na usivunje nguzo ili upate sampuli wakati vipande viko chini.

La tatu ni matope ya mabondeni na mikoko. Pangani, ng'ambo ya mkondo tu, wachimbaji walifukua tabaka la mchanga la kama miaka 1,000 iliyopita, na ndani yake mifupa ya watu wa kijiji cha wavuvi. Watafiti, walipoitangaza kazi yao mwaka 2020, walisema ni tsunami. Kwa wanaokumbuka tarehe 26 Desemba 2004, maji yaliyotoka Sumatra na kuua watu hadi pwani ya Tanzania, hilo halishangazi. Tabaka kama hilo likitafutwa kwenye hori za Pemba na pwani ya mashariki ya Unguja, litakwambia kiwanja kiwe umbali gani na urefu gani kutoka baharini. Wajapani walikuwa na tabaka la mchanga la tsunami ya mwaka 869 kwenye mashamba yao, na wanajiolojia wao walishalisoma. Ukuta wa kinu cha nyuklia cha Fukushima, kilichofurikwa na tsunami ya 2011, haukujengwa kwa kipimo hicho.

Hatua ya sita: hesabu

Usiogope. Hesabu ya msingi inafanyika nyuma ya bahasha.

Wataalamu wa matetemeko Gutenberg na Richter walionyesha mwaka 1944 kwamba kila ukipanda daraja moja la ukubwa, matetemeko hupungua kama mara kumi. Tuseme, kwa mfano tu, orodha yako safi ya miaka 50 ndani ya duara la kilomita 300 ina matetemeko 40 ya ukubwa wa 4 au zaidi. Basi tegemea manne ya 5 na kuendelea, na ya 6 na kuendelea sehemu nne za kumi, yaani moja kila miaka 125. La 7, moja kila miaka 1,250. Sasa angalia: kwa hesabu hiyo hiyo, uwezekano wa miaka 50 kupita bila tetemeko la 6 hata moja ni kama theluthi mbili. Kimya cha miaka 50 ndicho cha kutarajiwa hata mahali penye hatari.

Lakini tetemeko la 6 likitokea kilomita 280 kutoka ghalani, litatikisa taa. Likitokea ndani ya kilomita 25, hiyo habari nyingine. Kama matetemeko yametapakaa ovyo sawasawa, duara la kilomita 25 ni sehemu moja ya 144 ya lile la kilomita 300. Zidisha 125 kwa 144: mara moja katika miaka 18,000. Unaweza kulala. Ila kama matetemeko yale yote yanatoka kwenye ufa mmoja ulionyooka unaopita chini ya kiwanja, basi kilomita 50 kati ya 600 za ufa huo zimo ndani ya duara dogo, sehemu moja ya kumi na mbili. Zidisha tena: mara moja katika miaka 1,500. Orodha ni ile ile, kikokotoo ni kile kile, na jibu limebadilika mara kumi na mbili kwa sababu ya swali moja la jiolojia: ufa uko wapi. Ndiyo maana hatua ya tano haifai kurukwa.

Rudi sasa kwenye daftari, kwenye zile idadi mbili za miaka ulizoandika. Majengo ya kawaida hupimwa kwa mtikisiko wa miaka 475, yaani unaotegemewa kwa wastani mara moja katika miaka 475, ambao ndani ya miaka 50 una uwezekano wa asilimia 10. Vinu vya nyuklia hupimwa kwa ule wa miaka 10,000 hivi. Ghala lipo katikati, kutegemea kilichomo. Kwa seziamu ya miaka 300, mtikisiko wa miaka 475 una uwezekano wa asilimia 47 kutokea: ni kurusha sarafu. Ule wa miaka 10,000 unashuka hadi asilimia 3.

Mtikisiko wenyewe huandikwa kama mchapuko, kwa kulinganisha na mvuto wa dunia, g. IAEA inataka kinu kisipimwe chini ya 0.1 g hata nchi iwe tulivu kiasi gani, na sioni sababu ghala letu lipewe nafuu. Upande wa pili nako kuna wazimu wake. Mahesabu ya Yucca Mountain ya mwaka 1998, yalipovutwa hadi uwezekano mdogo kupita kiasi, yalitoa mitikisiko mikubwa ambayo hata wataalamu wenyewe walitilia shaka kama mwamba unaweza kuipitisha. Ushahidi wa kuipima ni mawe makubwa yaliyosimama kwa kubahatisha milimani, ambayo yangeshaanguka kama mitikisiko hiyo ingewahi kutokea. Hesabu bila jiwe la kuipima inaelea.

Hatua ya saba: udongo wa kiwanja

Mkulima wa Unguja anakupa nusu ya ripoti bure. Mwulize ni uwanda, kinongo (udongo mwekundu), kichanga au kinamo.

Uwandani jiwe liko juu, mtikisiko hauvimbi sana. Hatari yake ni chini: mapango. Kabla ya kumwaga zege, gonga ardhi kwa nyundo nzito na usome mawimbi yanavyopita, pima namna ardhi inavyopitisha umeme, kisha toboa mashimo pale penye mashaka, si pale gari la kutobolea linapofika kwa urahisi. Shimo moja likikuta uwazi mita nne chini, ongeza mashimo kila upande mpaka uujue mwisho wake. Paa la pango lililobeba miti ya kawaida miaka elfu halijawahi kubeba mapipa ya madini ya risasi na zege.

Kinamo ni udongo unaovimba mvua na kupasuka kiangazi, hautaki msingi wa juu juu. Kichanga chenye maji karibu ndicho kibaya zaidi: kikitikiswa vya kutosha hugeuka uji, na kilichosimama juu yake huzama au huinama. Pima kina cha maji visimani wakati wa masika, kwa sababu wanaokuja kupima huja kiangazi, barabara zikiwa nzuri. Na ardhi iliyojazwa, kama ule ukanda wa Darajani uliokuwa hori la bahari, usiijengee kitu cha namna hii hata ukipewa bure.

Ramani yako ya ukali ya hatua ya nne iweke juu ya ramani ya udongo. Mahali zinapokubaliana, umethibitisha. Zinapogombana, rudi ukaulize tena.

Hatua ya nane: ingia ndani ya ghala

Watu huuliza kama jengo litaanguka. Mimi huuliza kama pipa litaanguka.

Tarehe 23 Agosti 2011 tetemeko la 5.8 lilipiga Virginia, Marekani, karibu na kinu cha North Anna. Kulikuwa na makasha 27 ya kuhifadhia mafuta ya nyuklia yaliyotumika, kila moja zaidi ya tani 100, yamesimama juu ya sakafu ya zege. Makasha 25 yalisogea, mengine hadi sentimita 11 hivi. Hakuna lililovuja, kwa kuwa yalikuwa manene na mazito, na yaliachiwa nafasi ya kusogea. Miaka minne kabla, Julai 2007, kinu cha Kashiwazaki-Kariwa huko Japani kilitikiswa kuliko kilivyopimwa, na ndani ya ghala lake mapipa ya mabaki yaliyopangwa yalipinduka, baadhi vifuniko vikafunguka.

Kwa hiyo kwenye mchoro angalia: mapipa yamepangwa safu ngapi, yamefungwa kwa nini, rafu zimeshikwa ukutani au zimesimama tu, kreni imekaa juu ya nini. Angalia njia ya kufika pia. Daraja likikatika, zimamoto watakuja kwa ngalawa?

Hatua ya tisa: mkutanoni

ZEMA, mamlaka ya mazingira ya Zanzibar, hutaka watu washirikishwe. Usisimame ukasema unaogopa, utaambiwa hofu si hoja. Simama na ukurasa. Uliza orodha imeanzia mwaka gani na imekamilika kwa ukubwa gani. Uliza nyufa za baharini zimechorwa kwa vipimo vya nani. Uliza mtikisiko wa miaka mingapi umetumika na kwa nini. Uliza mashimo mangapi yametobolewa, na ombeni nakala ya kumbukumbu zake iachwe kwa sheha. Maswali manne yanatosha, la tano watu wanatazama saa ya chakula.

Hatua ya kumi: acha kipimo ardhini

Kabla ya uamuzi, seismomita mbili au tatu zikae kiwanjani na jirani yake kwa mwaka mmoja usiopungua. Zitasikia matetemeko madogo ambayo vituo vya mbali havisikii, na madogo yakijipanga mstari, huo ndio ufa ulioutafuta. Kisiwa kina kelele: mawimbi ya kusi na kaskazi yanasikika kwenye chombo usiku kucha, na mnazi ukipigwa na upepo hutikisa udongo kwa mizizi yake. Kwa hiyo weka chombo juu ya jiwe, mbali na minazi, mbali na barabara ya gari za shamba, na ukizike kwenye shimo lenye mfuniko usioingiza maji.

Skuli ni mahali pazuri. Ufunguo mpe mwalimu wa fizikia, na umwandikie kwenye karatasi, ndani ya mfuniko, namna ya kubadilisha betri na siku ya kufuta vumbi paneli ya sola. Chombo changu kimoja kilinyamaza miezi mitatu kwa sababu mbuzi alitafuna waya.